Nakala ya Sita

Wanafunzi tulimwita Mama Baindi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akibaindi, yaani anazifunga karatasi za tasnifu zinakuwa kitabu chenye jalada gumu jeusi na herufi za rangi ya dhahabu mgongoni. Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni ya biashara ukutani, ila mbele ya leseni alipanga maboksi ya karatasi, kwa hiyo hakuna aliyelisoma. Alizaliwa wapi, kwa nani, ukoo gani, sikumuuliza. Katika miaka yote niliyomfahamu, mwulizaji alikuwa yeye.

Duka lake lilikuwa Levolosi, chumba cha mbele cha nyumba ya wapangaji wengi, katikati ya kinyozi na muuza mkaa. Mkaa ndio uliomtesa. Upepo ukivuma kidogo tu, vumbi jeusi linaingia, na yeye ana kurasa nyeupe za mtu zimetandazwa mezani. Pembeni ya mlango aliweka jagi la maji na kipande cha sabuni, na hakugusa tasnifu ya mtu kabla ya kunawa, kama anayekwenda kula. Akishanawa anajifuta kwa kanga aliyojifunga kiunoni, anakaa kwenye stuli, anaweka kiganja juu ya lile rundo la karatasi, halafu anasema, "Haya, niambie umeandika nini."

Hapo ndipo wengi tulipokwama. Ukianza kumsomea kichwa cha utafiti anakukatiza.

"Kichwa nimeshakisoma. Mimi hapa ndiye yule mtu uliyekwenda kumuuliza maswali. Nimeacha jembe, nimekuja kukusikiliza. Nilikwambia nini?"

Mtu amesoma miaka miwili, ametetea kazi yake mbele ya maprofesa na slaidi zake zinang'aa, lakini mbele ya mama wa darasa la saba mwenye gundi kwenye kucha anatokwa jasho. Wengine walidhani ni mzaha. Wengine walikasirika na kumwambia waziwazi kwamba kazi yake ni kubaindi, basi abaindi. Alibaindi. Hakumfukuza mtu hata siku moja. Ila ukishaondoka atasema, bila kuinua macho, "Debe tupu," na kuendelea kupaka gundi.

Namkumbuka kijana mmoja kutoka vijiji vya magharibi mwa Meru, aliyeandika juu ya ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe wa maziwa. Yeye alipoulizwa hakusita hata kidogo. Alivuta kiti, akamwelekea kama anaongea na mama yake nyumbani.

"Sikiliza, yeyo. Wewe unakamua vizuri. Ila unaanza na ng'ombe mgonjwa, unamalizia na mzima, kwa mkono uleule. Geuza. Anza na mzima. Hayo mengine yote humo ndani ni ya kuwaridhisha walimu wangu."

Mama Baindi alicheka mpaka akavua miwani. Akatugeukia sisi tuliokuwa kwenye foleni. "Mmemsikia? Kitabu kizima hiki kimeingia mkononi mwa mkamuaji, na hakuna kilichobaki nje." Kitabu cha yule kijana kilitangulia vya wote, na mimi niliyefika kabla yake nikarudi kesho yake.

Chuo kilidai nakala tano. Mama Baindi alifunga sita. Ya sita hukumwomba na hukumlipa. Aliichapa mwenyewe na kuifunga kwa mabaki ya majalada ya kijani ambayo hayakuwa na soko. "Hii ni ya wenyewe," anasema, akikukabidhi. Wenyewe ni wale uliowahoji. Ukimwambia kwamba hakuna utaratibu kama huo chuoni, anakushangaa wewe na chuo chako. "Jirani akikuletea chakula kwenye bakuli, bakuli linarudi tupu?" Hapo unaipokea, kwa sababu na wewe umelelewa hivyohivyo. Bakuli halirudi tupu, hata kama ni ndizi mbili tu umetia.

Alikuwa na kaunta buku, lile daftari kubwa la jalada gumu, ambamo aliandika maneno ya elimu ya juu aliyokutana nayo akichapa. Kila neno alimuuliza mwanafunzi, akasikiliza, halafu akaandika maana yake kwa namna alivyoelewa yeye. Nililisoma mara nyingi nikisubiri umeme urudi. Nadharia tete: unachodhani kabla hujakwenda kuuliza. Sampuli: wale uliowauliza kwa niaba ya uliowakosa. Pengo la utafiti: shimo ambalo hakuna aliyeliona mpaka mtu alipotaka shahada. Ikisiri: ukurasa watakaousoma. Kwenye neno Shukrani aliandika, "Hapa mtu haibi kwa mwenzake, ila anaweza kudanganya."

Kuhusu shahada zenyewe alikuwa na maelezo yake. Ya kwanza, alisema, unalowa miguu. Uzamili, maji yanakufika kiunoni. Uzamivu ndiyo kuzama kabisa. "Na mimi sina ugomvi na anayezama," alisema. "Nina ugomvi na asiyeibuka kutuambia ameona nini huko chini."

Ukurasa mmoja wa daftari ulikuwa na maneno mawili tu juu, Elimu ya juu, na chini yake mistari iliyokatwa. Kusoma sana. Imekatwa. Kazi ya ofisini. Imekatwa. Kujua kwamba hujui. Hiyo aliiacha muda mrefu, baadaye nayo akaikata. Alisema aliyempa jibu hilo alikuwa anajisifu. Nilipomuuliza kwa nini asiandike moja akamaliza, alinijibu, "Bado nauliza."

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo. Siri za wasimamizi wa tasnifu wa mji mzima zilikuwa kwake: nani hasomi sura ya pili, nani anakaa na kazi ya mtu mwaka mzima kisha anasahihisha mkato mmoja. Na pamoja na kuwacheka wasomi, alipenda vyeo kuliko wenye vyeo. Kwenye simu yake kulikuwa na Dokta wa Nyuki, Dokta wa Kiwele, Dokta wa Mikopo, na wengi wao hawakuwa hata na shahada ya pili. Mtu akimaliza tu, anasimama mlangoni na kumtangazia kinyozi, "Jirani, njoo umwone mhitimu!" na kinyozi anatoka na mashine yake mkononi, mteja nusu kichwa.

Waigaji aliwashika kwa kumbukumbu tu. Alishawahi kusimamisha kuchapa katikati ya sentensi, akamtazama dada mmoja aliyekuwa amekaa akichezea simu. "Dada, aya hii naijua. Ilipita hapa na kijana wa Karatu, na hili kosa la hapa mwishoni lilikuwa lake." Yule dada aliinama. Mama Baindi akamwambia kwa sauti ya chini, "Mficha uchi hazai, binti yangu. Kama umeshindwa, rudi ukaseme umeshindwa." Nilimwona mtu mwenye msimamo wa chuma.

Halafu miaka miwili baadaye akanisimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuandika hitimisho zima la tasnifu ya mtu. Mwanafunzi mmoja mjamzito alikuja na sura nne, akaeleza kazi yake vizuri sana pale kwenye stuli, usiku wake uchungu ukamshika kabla ya siku zake, na tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Mama Baindi alikumbuka kila alichoambiwa, akakaa, akaandika sura ya tano. Nasikia watahini waliisifu hiyo kuliko zote. Mara ya kwanza aliponihadithia alikuwa amejiinamia, anaona haya. Mara ya pili alikuwa anacheka, na akaongeza kwamba mtoto ni wa kike na ana akili.

Lakini kilichomuuma kweli kilikuwa mwanawe. Huyo alimpeleka chuo kikuu, naye akaacha mwaka wa pili akaenda kuendesha magari ya watalii. Mama Baindi alikuwa ameshanunua fremu ya picha ya mahafali. Ile fremu ilitundikwa dukani kila siku, na ndani yake aliweka kalenda. Akija mteja akimwambia kwamba siku hizi shahada si kitu, kazi ni kazi, anaitikia kwa kichwa na kusema kweli kabisa. Mteja akiondoka, nilimwona akiitazama ile kalenda bila kusoma tarehe. Mwaka mzima hakuongea na mwanawe zaidi ya salamu. Mama aliyekuwa akiwaambia watoto wa wenzake kwamba karatasi ni karatasi tu, kwake nyumbani karatasi hiyohiyo ilimtoa machozi. Sikumlaumu. Mama yangu angefanya vivyo hivyo.

Sasa nije kwangu, maana nimezunguka makusudi.

Utafiti wangu wa uzamili niliufanya katika kijiji kimoja juu ya Tengeru. Niliuliza kwa nini zamu za maji ya mfereji, zilizodumu tangu enzi za babu zao, zilikuwa zimevunjika. Mwenyekiti wa mfereji alinipokea kama binti yake. Alinipa chumba, akanipikishia ndizi na maziwa, akawaita watu mmoja mmoja waje uani kwake nikawahoji, na yeye akakaa pembeni muda wote ili nisipate shida ya lugha pale walipoteleza kwenye Kimeru. Watu wote walinijibu jambo moja: vijana wameacha kilimo, hakuna wa kusafisha mfereji. Wa mwisho alikuwa mjane wa kaka yake mwenyekiti. Alijibu kama wenzake, lakini aliposimama kuondoka alinishika mkono.

"Utaturudishia?"

"Nini, mama?"

"Hicho unachoandika. Utakuja utusomee?"

Nikamwahidi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari, lakini nilimwahidi kwa moyo wote.

Nilipofika kwa Mama Baindi, akanawa, akaweka kiganja. "Haya. Mimi ndiye mama wa mfereji." Nikaanza na usimamizi shirikishi wa rasilimali na mabadiliko ya kidemografia. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mwanangu, mimi nimekwambia hayo?"

"Si kwa maneno hayo."

"Kwa maneno gani?"

Ukweli ni kwamba maneno yenyewe sikuyakumbuka. Nilikumbuka jedwali. Nilikasirika, kama wanavyokasirika watu walioshikwa, nikamwambia kesho ndiyo mwisho wa kuwasilisha. Akabaindi tano nyeusi, akanipa. Ya kijani ilikuwa bado haijakauka gundi.

"Nitaipitia Jumamosi," nikasema.

Jumamosi sikwenda. Iliyofuata pia. Mwanzoni ni shughuli, baadaye ni aibu, na aibu ikishakaa inatafuta njia ya kuzunguka. Nilianza kupita mtaa wa nyuma, wenye matope, ili nisipite mbele ya duka lake. Kwenye sherehe ya mahafali yangu wajomba walikodi matarumbeta, pikapu ikazunguka mitaa na mimi juu na joho langu, mshehereshaji akinadi "msomi wetu." Mama Baindi alikuja na zawadi ya kanga. Wakati wa kutuza alinikumbatia vizuri, akaniambia sikioni, "Na ya kijani?" Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya matarumbeta.

Baadaye nikawa mhadhiri. Kila mwaka niliwafundisha vijana juu ya ule mfereji: vijana wakihama, mila za maji hufa. Nilikuwa na slaidi nzuri. Siku moja mwanafunzi akaniuliza kama wale wanakijiji walikubaliana na matokeo yangu, nikamjibu kwamba swali lake ni zuri, nikaenda kwenye slaidi inayofuata. Jioni ile sikula vizuri.

Vyuo vilipoanza kupokea tasnifu kwa mtandao, kazi ya Mama Baindi ikaisha taratibu. Alifunga duka miaka minne iliyopita akahamia Terrat. Nilisikia, nikasema nitakwenda kumwona, sikwenda. Mwezi uliopita alinipigia mwenyewe.

"Njoo uchukue kitabu chako."

"Shikamoo, mama. Kumbe bado kipo?"

"Marahaba. Njoo Jumamosi. Mapema."

Safari hii nilikwenda. Nje ya nyumba yake palikuwa na gari la watalii, boneti wazi, na mwanawe anapima oili. Tukasalimiana. Ndani, ile fremu ilikuwa ukutani, na ndani yake hamkuwa na kalenda: ilikuwa picha ya mwanawe na darubini yake shingoni, ameonyesha kidole juu, na wageni wote wanatazama anakoonyesha. Mama Baindi alikuwa kwenye kochi. Macho yamefifia, miwani imekuwa minene. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika na sweta zito la sufu, na Terrat siku ile jua linachoma bati. Nikajisemea moyoni, uzee huo.

Kitabu cha kijani kilikuwa mapajani. Hakunipa. Alikiwekea kiganja, kama zamani.

"Niambie umeandika nini."

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nikamwambia kwa Kiswahili cha nyumbani, bila demografia wala shirikishi. "Mama, mliniambia vijana wameondoka, mfereji umekosa wa kuusafisha, ndiyo maana zamu zimekufa."

"Umesema vizuri," alisema. "Sasa hivi umesema vizuri. Fungua."

Pembezoni mwa kurasa kulikuwa na mwandiko wake wa penseli, mkubwa, uliopinda. Nilimtazama. Akanieleza kwamba alipofunga duka alibaki na nakala za kijani kumi na moja ambazo wanafunzi hawakuzifuata, na hakuweza kuzitupa wala kuhama nazo. Basi mwanawe alipokuwa hana wageni, walizipeleka moja moja. Moja ilikwenda Momela, ya nyati wanaokula mazao. Moja Karatu. Huko wanakaa, kijana anasoma maneno ya kitabuni na kuyageuza Kiswahili cha nyumbani, watu wanasikiliza, mama anaandika wanachosema.

"Huko kwako tumekwenda mara mbili," alisema. "Kijana wangu anageuza vizuri. Angekuwa mwalimu." Alisema hivyo bila uchungu, nikasikia nje boneti ikifungwa.

Nikasoma. Sura ya nne, penye jedwali langu: "Si kweli. Vijana walikuwepo. Ni sisi wanawake tulioacha kusafisha, kwa makusudi, tulipatana." Chini yake: "Mwenyekiti alilaza bomba la siri kwenda bustani yake ya mboga. Aliyelalamika alikosa zamu." Ukurasa uliofuata: "Tuliona heri mfereji ufe kuliko kumsafishia yeye." Nilirudi mwanzo, nikafika kwenye Shukrani, pale nilipomshukuru mwenyekiti kwa ukarimu wake na kwa kukaa nami katika kila mahojiano. Pembeni Mama Baindi alikuwa ameandika, "Hapa walicheka sana."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Cheo changu, slaidi zangu, miaka yote ile ya vijana wakiandika kwenye madaftari yao nilichowaambia. Nikasema, "Mama, nimepewa shahada kwa kitu ambacho si kweli."

"Umepewa shahada kwa nusu," akasema. "Hata mimi mara ya kwanza nilipewa hiyohiyo nusu. Mwenyekiti alikuwa amekaa palepale uani. Fungua nyuma kabisa."

Baada ya marejeo palikuwa na ukurasa mtupu, na juu yake maneno ya yule mjane, yameandikwa kama alivyoyasema: "Binti alinihoji mbele ya shemeji yangu, na mimi ni mke wa watu. Ningesema nini? Ndiyo maana nilimuuliza kama atarudi. Mwambieni huyo binti kwamba shemeji tumeshamzika. Aje."

"Ameyasema lini haya?"

"Mwaka jana, kabla ya mvua za masika. Nilikuacha nione kama utakuja mwenyewe. Halafu juzi nikaona macho yangu hayatangoja."

"Yupo?"

"Yupo. Masikio mazito, mdomo mzima."

Nilifunga kitabu. "Nitamwambia nini, mama?"

"Usimwambie kitu. Muulize."

Alisimama kwa kushika mkono wa kochi, akachukua ile kaunta buku juu ya kabati, akaitia kwenye mkoba pamoja na penseli mbili. Nje mwanawe aliwasha gari. Ndipo nilipoelewa lile sweta: kule juu ya Tengeru kuna baridi hata mchana.